Kipande Ambacho Hakikupita

Taarifa ya kifo ilipoingia kwenye chumba cha mitambo, watu watatu walipiga makofi. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, Oswadi Nyoni, alikuwa mzee wa kanisa na hajawahi kumpigia mtu kelele. Ni kwamba walikuwa wameisubiri maiti kwa muda mrefu, na ilipopatikana mikono ilitangulia akili. Walipotambua wanachokifanya waliirudisha mikono mifukoni, wakaanza kutafuta kalamu ambazo hazikuwa zimepotea.

"Kata ya Ng'wasubi," alisema Profesa Kaijage, mkuu wa kituo, akisoma kwenye skrini. "Mwanaume, Nkwabi Luhende, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alijilaza baada ya chakula cha mchana. Tundu kifuani, tundu mgongoni, kingo zimeungua. Saa ileile ya ujumbe wetu wa jana, na ndani ya ukanda wetu." Akavua miwani. "Mungu amrehemu," akaongeza, kwa kuwa ilibidi mtu aseme.

Dkt. Subilaga Mwalukasa hakupiga makofi wala hakutafuta kalamu. Aliinuka taratibu, akaenda chooni, akafungulia bomba maji yatoke kwa kelele, akatapika. Kisha alinawa, akajitazama kwenye kioo mpaka uso wake ukarudi kuwa uso usiosema kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake pale, kuwa na uso usiosema kitu, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Kipande kilichotangazwa alasiri ya jana yake hakikupita. Kilitoka kwenye kompyuta yake.

Hapa inabidi tusogee nyuma hatua moja. Sehemu kubwa ya ulimwengu imetengenezwa kwa kitu kisichowaka wala kurudisha mwanga. Wataalamu walikiita maada ya giza, wakakitafuta kwa karibu karne nzima ndani ya mahandaki, wakikaa kando ya matangi ya gesi iliyopoozwa hadi ikawa maji, wakiamini kwamba ni chembe ndogo mno ambayo siku moja itagonga kitu na kutoa cheche. Haikugonga. Kisha dunia, katika safari yake angani, ikaingia kwenye mkondo wa kitu hicho, na watu wakaanza kufa vifo visivyoeleweka. Ilikuja kujulikana kwamba walau sehemu ya maada hiyo huja kwa vipande. Kipande kimoja ni kidogo kuliko chembe ya unga, kina uzito wa gunia la mahindi, na hukatiza nchi kutoka mpaka hadi mpaka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Kikipita kwa mtu huacha tundu la sindano lenye kingo zilizoungua. Kikipita moyoni, basi. Kikipita tumboni au pajani, mtu huhisi kama amechomwa na mwiba, akaendelea na shughuli zake huku damu ikivuja ndani kwa ndani hadi jioni.

Ndiyo maana kituo kilijengwa. Masikio ya chuma yalichimbiwa kwenye mwamba chini ya wilaya nzima, kuanzia kwenye mashimo ya mgodi wa dhahabu uliofungwa. Kipande kikipita, mwamba hulia kwa mstari ulionyooka, masikio husikia, na kila simu iliyomo ndani ya ukanda huo hupokea ujumbe: *Kipande kimepita kwenu. Hesabianeni.* Watu huacha walichoshika, hutoka nje, huitana majina nyumba kwa nyumba, hukaguana miguu na migongo. Desturi hiyo iliokoa wengi. Kituo chenyewe wenyeji walikiita Masikioni, na walikipenda kama watu wanavyopenda zahanati yenye dawa.

Lakini mtafiti naye ni mtu, na mtu huona anachotamani kuona. Zamani kundi moja la wataalamu, huko mbali, lilitangaza ugunduzi mkubwa uliogeuka kuwa mota ya friji ya kantini. Kwa kuogopa aibu ya namna hiyo, Masikioni waliweka utaratibu. Kati ya ishara zilizoingia, nyingine zilikuwa pandikizi: ishara za uongo zilizobuniwa na kompyuta iliyofungiwa kwenye chumba cha mtu mmoja tu, mtunza pandikizi. Wachambuzi wote walijua pandikizi zipo, hakuna aliyejua ni zipi, na kwa hiyo ilibidi wazichambue zote kwa haki. Mwisho wa utafiti, siku waliyoiita ya kufungua sanduku, mtunza angezitaja, zingetolewa, na hesabu iliyobaki ingeaminika na ulimwengu mzima. Na kwa kuwa mchambuzi mjanja angeweza kuzitambua kwa kuuliza tu kama watu walipata ujumbe, pandikizi nazo zilipelekwa kwenye simu. Wananchi hawakuambiwa. Yaani waliambiwa, kwenye ripoti ya kurasa mia tatu, kwa Kiingereza.

Pandikizi haiui mtu. Ndiyo maana wale watatu walipiga makofi: maiti ilikuwa imewathibitishia kwamba ishara ya jana ni ya kweli. Na ndiyo maana Subilaga alitapika. Mtu alikuwa amemtoboa Nkwabi Luhende kifuani wakati majirani wakiitana majina, na waliokuwa na uhakika wa jambo hilo walikuwa wawili tu, yeye na huyo mtu.

*

"Profesa, ile ishara ya Ng'wasubi..."

Kaijage aliinua mkono. Walikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa, na alikuwa akimenya chungwa kwa uangalifu aliouweka katika kila kitu.

"Kabla hujaendelea. Unachotaka kuniambia kinatoka chumba chako au chumba changu?"

"Changu."

"Basi usiimalize hiyo sentensi, mama. Nikisikia, nimeharibika. Nikiharibika mimi, uchambuzi wote umeharibika, maana mimi ndiye ninayeusaini."

"Kuna mtu amekufa."

"Najua. Nimeagiza ubani upelekwe."

"Nisikilize vizuri." Subilaga aliyatamka maneno moja moja. "Kuna mtu amekufa, Profesa."

Aliona jinsi mzee alivyoelewa. Kisu kilisimama katikati ya ganda. Kisha aliona jinsi alivyokataa kuelewa, na hilo lilichukua muda mrefu zaidi. Kisayansi mzee alikuwa ameshaharibika palepale, ila hakuna kipimo cha kumgundua mtu aliyeharibika kimyakimya.

"Sijasikia kitu," alisema. "Lakini tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtunza pandikizi ana jambo linalomsumbua. Sanduku linafunguliwa masika yakiisha. Siku hiyo atasema lote, polisi wataitwa, na mimi nitasimama kando yake. Ni miezi michache. Marehemu hana haraka."

"Aliyemuua je? Na yeye hana haraka?"

"Simjui unayemzungumzia." Akarudi kwenye chungwa lake. "Na bado kwa mfano tu. Ukifungua leo, kesho wilaya nzima itajua kwamba tumekuwa tukiwakimbiza nje kwa uongo. Kipande cha kweli kitapita, ujumbe utaingia, na watu watabaki kitini wamalize chai yao. Nani atawahesabu? Wewe?"

Ilimuudhi Subilaga kwamba mzee yule, pamoja na woga wake wote, hakuwa amesema upuuzi.

*

Kila penye kifo, kituo kilituma wajumbe wenye sukari, unga na mkasi wa bati. Sukari na unga vilikuwa vya wafiwa. Mkasi ulikuwa wa kukatia kipande cha paa, kwa sababu kipande kinachopita kwa mtu lazima kipite kwenye bati juu yake na kwenye udongo chini ya kitanda chake. Safari hiyo Subilaga aliomba kwenda, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Walipokelewa na Masalu, mdogo wa marehemu, jibaba lenye sauti ya upole na macho mekundu kwa kulia. Aliwatafutia viti mwenyewe.

"Karibuni wataalamu. Bila ninyi hapa tungeshikana uchawi muda huu. Sasa angalau tunajua ni kazi ya Mungu."

Chumbani, Nyoni alipanda kwenye stuli, akatazama juu ya kitanda, akaona tundu la msumari wa zamani kwenye bati. Akakata mraba kulizunguka. Kisha alichimba sakafu ya udongo, akitafuta uzi wa udongo ulioyeyuka ambao kipande huuacha kinapozama ardhini. Alichimba mpaka jasho likamtoka. Uzi haukuwepo.

"Udongo wenyewe ni kichanga," alisema hatimaye, akijipangusa. "Hautunzi. Nitaandika uzi haukupatikana, ila hilo haliipingi ishara."

Subilaga alimtazama yule mzee wa kanisa mwaminifu akilipita kaburi wazi bila kuliona, akaona huruma na hasira kwa pamoja. Huyo ndiye mchambuzi wao bora.

Alitoka kupitia mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na banda la mashine ya kukobolea, na mbele ya jiko la mkaa alikuwa ameketi mwanamke mwenye kanga nyeusi kichwani. Wanawake wengine walikuwa mbali naye kidogo, kwenye mikeka, wakimtazama kwa namna ya watu waliochoka kumfariji.

"Wewe ndiye wa mashine za mwamba?" aliuliza yule mwanamke.

"Mmoja wao. Pole sana kwa msiba, dada. Wewe ni...?"

"Milembe. Mke wake." Alishusha sauti. "Mashine zenu hukosea?"

Uso usiosema kitu ulifanya kazi yake. "Kwa nini unauliza?"

"Ujumbe ulipoingia nilikuwa hapa naosha vyombo. Nikakimbilia kwa jirani tukahesabiane. Nkwabi alikuwa na usingizi mzito, akishashiba humwamshi, kwa hiyo nikarudi kumwita. Nikamkuta shemeji Masalu pale bandani, anapooza mchomeo kwenye ndoo ya maji. Ukalia shwaa." Alionyesha kwa kidevu chuma chembamba kilichoning'inia kwenye nguzo ya banda. Ni kile wanachokitia motoni kuunguzia nyuzi za magunia ya nailoni zisifumuke. "Siku ile hatukuwa na gunia hata moja la kufunga."

"Umemwambia nani?"

"Polisi. Afande akanionyesha simu yake. Akasema, mama, ujumbe huu hapa, unabishana na mwamba?"

"Na marehemu, mlikuwa mnaishije?"

"Vibaya." Alilisema bila kulipamba. "Alitaka kuleta mke mwingine. Nilimwambia mbele ya wateja, heri upitiwe na kipande. Siku hizi nani hasemi hivyo? Lakini sikumgusa. Alikuwa mume wangu, na mashine hii tumeinunua wote."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Masalu alichungulia, akawauliza kama wanahitaji chai, akarudi ndani. Milembe alisubiri mpaka mlango ukafungwa.

"Amehamia chumba cha mbele. Anasema ananilinda. Anajua nilimwona. Nikienda kwetu watasema nimekimbia, nikikaa sijui kama nitaamka. Dada, sikuombi kitu kingine. Nataka tu mtu mmoja mwenye akili zake aseme kwamba hakupitiwa."

Subilaga alikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kuyasema maneno hayo. Aliyaona yamekaa mdomoni, mafupi na rahisi. Akasema, "Nipe siku chache," akajichukia kabla hata hajafika kwenye gari.

*

Alifungua sanduku kwenye kikao cha asubuhi, watu wakiwa bado na maandazi mkononi. Hakukuwa na kufuli wala ufunguo. Sanduku lilikuwa yeye.

"Ishara ya Ng'wasubi ni pandikizi," alisema. "Nimeiona ikiundwa kabla haijatumwa. Yule bwana ameuawa."

Nyoni alijiziba masikio na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti, akatoka mbio, na vijana wawili wakamfuata. Walitumaini kwamba labda walikuwa wamewahi, kwamba hawajasikia, kwamba watatu wasafi wangetosha kuuokoa uchambuzi. Wimbo ulisikika ukizunguka nje ya jengo kwa muda, kisha ukakatika.

"Miaka sita, Subi," alisema mwanamke wa kitengo cha masikio, taratibu, bila ugomvi. "Nimemwacha mwanangu Songea kwa bibi yake miaka sita. Ananiita shangazi."

Profesa Kaijage aliosha kikombe chake kwenye sinki, akakifuta, akakiweka kabatini, akaenda kuwapigia wafadhili. Waliopoteza zaidi siku ile walikuwa vijana, ambao majina yao yangekuwa kwenye karatasi ya kwanza duniani kupima ni kiasi gani cha maada ya giza huja kwa vipande. Sasa data zao zilikuwa na doa, na hakuna jarida linalochapisha doa. Subilaga aliwaonea uchungu kwelikweli. Hata hivyo alipotoka nje kuwapigia polisi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani. Alimpigia na Milembe. "Nimesema," alimwambia. "Nimewaambia wote. Hakupitiwa." Upande wa pili alisikia mwanamke akilia, na alichukulia ni kwa furaha, na huenda ilikuwa hivyo.

Wepesi ule ulidumu siku hiyo tu. Redio ziliitangaza habari kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa: Masikioni wanatudanganya. Mkuu wa wilaya alipiga kelele, wabunge wakapiga kelele zaidi. Sokoni watu walianza kusalimiana kwa mzaha, "Umeshahesabiwa?" Kisha kipande kikapita juu ya Mwabuki. Cha kweli, mwamba ulilia kwa mstari ulionyooka bila shaka yoyote. Ujumbe ukaingia kwenye simu zote za kata. Fundi cherehani mmoja, Bi. Nchambi, alihisi mwiba chini ya mbavu, akajikuna, akaendelea kushona sare za shule. Alikutwa jioni amelalia cherehani. Simu yake ilikuwa mezani, ujumbe haujafunguliwa. Kuanzia nyumbani kwake hadi hospitali ya wilaya ni mwendo wa kutembea.

Kaijage alimpelekea Subilaga taarifa hiyo mwenyewe, akaiweka mezani, akaondoka. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumchukia.

*

"Tumeshamkamata," alisema Mkaguzi Mtitu, aliyekuwa na jalada la kesi. Alionekana mchangamfu. "Umetusaidia sana, Daktari. Bila wewe tungelifunga hili jalada."

Subilaga alishusha pumzi. Alikuwa amefunga safari hadi kituo cha polisi akiwa na maswali, na la kwanza lilikuwa limejibiwa. "Masalu amesemaje?"

"Masalu ametoa maelezo mazuri tu. Alikuwa dukani kwa jirani anahesabiwa, kuna watu wanamkumbuka." Mtitu alifunua karatasi. "Mke ndiye aliyekuwa nyumbani. Mke ndiye anayeshika ule mchomeo kila siku. Mke alimwambia marehemu mbele ya foleni ya wateja, heri upitiwe. Na ujumbe ulipoingia akaona nafasi yake. Amejieleza vibaya sana, halafu anarudia kitu kimoja tu, hakupitiwa, hakupitiwa. Mtu asiyehusika angejuaje kwamba hakupitiwa, wakati sisi wote tuliamini amepitiwa?"

Chumba kilikuwa kidogo na feni haikufanya kazi.

"Afande, alimwona shemeji yake anapooza chuma kwenye ndoo."

"Umeona wewe?"

"Ameniambia."

"Mtuhumiwa amekuambia." Alilisema kwa upole, kama mwalimu. "Nani mwingine aliona?"

"Hakuna. Lakini Masalu ndiye anayechukua mashine, ndiye aliyehamia pale, ndiye..."

"Daktari. Chombo chako kinaonyesha nani alimchoma?"

Hakikuonyesha. Alikuwa akilijua hilo tangu akiwa mwanafunzi, na alikuwa amelifundisha kwa wengine. Kwa karibu karne nzima wataalamu wenzake walikuwa wakitangaza matokeo ya namna moja tu: si hapa, si uzito huu, si nguvu hii. Kila jaribio lilipaka rangi kipande cha ramani na kusema humo hamna kitu, na kila mwaka mwanafunzi fulani alinyoosha mkono kuuliza, basi kiko wapi? Na Subilaga alimjibu kila mara kwamba kufuta si kugundua, kwamba asiyekuwa huyu si lazima awe yule. Halafu siku moja alifika kwenye ua wa watu, akasikiliza habari ya ndoo, akadhani kwamba akiufuta uongo mmoja, ukweli utajitokeza wenyewe na kukaa kwenye nafasi yake. Kosa hilo asingemsamehe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ile nafasi ilijazwa na kilichokuwa karibu zaidi.

"Naweza kumwona?"

"Utamwona mahakamani. Wewe ni shahidi wetu wa kwanza."

Alijaribu yote. Alimwandikia wakili aliyepewa Milembe na Serikali, kijana mwenye kesi nyingi kuliko saa. Alikwenda kwa jirani mwenye duka, ambaye alisema ndiyo, Masalu alikuwepo, ila kama alikuja mwanzo au mwisho wa kuhesabiana hawezi kula kiapo, watu walikuwa wengi na kila mtu alikuwa anaita majina. Alikwenda hadi bandani kuutazama ule mchomeo. Masalu alimkaribisha kwa heshima zote. Chuma kilikuwa kipya. Cha zamani, alisema, polisi wamekichukua, na biashara haiwezi kusimama.

Kuna wakati aliwaza kudanganya. Alikuwa mtunza pandikizi, na neno lake tu ndilo lililoitenganisha ishara ya kweli na ya uongo. Angeweza kusimama na kusema, nilikosea, sanduku langu lilichanganya, ile ya Ng'wasubi ilikuwa ya kweli. Milembe angerudi nyumbani siku hiyohiyo, mjane wa mtu aliyepitiwa. Angerudi kwenye nyumba ambayo Masalu analala chumba cha mbele. Na Masikioni pangekuwa na uongo wa pili juu ya wa kwanza, na kuna Bi. Nchambi mwingine mahali fulani anayesubiri kujua kama aamini simu yake. Aliligeuzageuza wazo hilo kwa majuma, na kila alipolilaza upande mmoja kulikuwa na mtu aliyekufa chini yake.

*

Mahakama Kuu ilikaa wilayani kwa kikao maalumu, na watu walijaa hadi madirishani. Wengi walikuja kumwona yule mwanamke wa Masikioni aliyewadanganya. Masalu aliketi mstari wa mbele, amevaa shati jeupe, mikono juu ya magoti.

Milembe alikuwa kizimbani, amekonda, kichwa wazi. Hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Subilaga tangu alipoingia mlangoni, na hakukuwa na lawama machoni pake. Subilaga alitamani iwepo. Ingekuwa kitu cha kushika.

Aliapa. Wakili wa Serikali, mwanamke aliyezungumza bila haraka, alimwongoza kupitia kazi yake, elimu yake, masikio ya kwenye mwamba, maana ya pandikizi. Subilaga alijibu. Kila alipojaribu kuongeza neno, Jaji alimkumbusha.

"Mheshimiwa Jaji, ningependa kueleza kwamba matokeo yetu hayasemi..."

"Shahidi atajibu alichopima. Alichofikiri atabaki nacho."

Alimtazama wakili wa utetezi. Kijana alikuwa anapekua jalada, na kutokana na rangi ya karatasi Subilaga aliona kwamba lilikuwa la kesi nyingine.

Usiku uliotangulia, kwenye nyumba ya wageni, alikuwa ameyaandaa maneno yote mawili, ya kweli na ya uongo, na hakuchagua. Alikuwa amejiambia kwamba akimwona Milembe atajua la kufanya. Sasa alikuwa anamwona, na kilichomjia hakikuwa hekima. Kilikuwa ni ile sauti ya uani ikiomba mtu mmoja, mmoja tu, mwenye akili zake.

"Daktari Mwalukasa," alisema wakili wa Serikali. "Siku ya tukio, saa ya tukio, kuna kipande chochote kilichopita kwenye nyumba ya marehemu Nkwabi Luhende?"

Miaka sita Subilaga alikuwa amefanya kazi ambayo kila jibu lake lilikuja na kiasi cha shaka pembeni, kimehesabiwa na kuandikwa. Hili halikuwa na shaka yoyote. Ndilo jambo pekee alilowahi kulijua kabisa.

"Hakikupita."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Hakupitiwa."

Mnong'ono ulizunguka ukumbini na karani akaandika. Mstari wa mbele, Masalu aliinamisha kichwa kwa majonzi yaliyompendeza. Na kule kizimbani, kati ya askari wawili, Milembe alifumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha tena, kwa nguvu, akiwatazama watu wote ili waone kwamba hatimaye daktari mwenyewe amelisema, na kwamba ndivyo alivyokuwa akiwaambia tangu siku ya kwanza.